Pikipiki iliyotumika kwa safari ndefu: nikague nini kabla ya kulipa?

Mwendambali
Wakuu, habari zenu. Natafuta pikipiki iliyotumika kwa safari za kilomita 500 hadi 700 kwa siku, karibu zote za lami, mara nyingi nikiwa na abiria na mizigo. Urefu wangu ni sm 172. Nimebaki na tatu akilini: Suzuki V-Strom 650, Honda NC700X na Yamaha FJR1300. Ninachotaka ni kufika bila mgongo kuuma wala vidole kufa ganzi. Je, injini kubwa inasaidia hapo? Na nikifika kwa muuzaji nianze na nini?

Spana13
Mkuu, ukubwa wa injini uache kwanza. Kinachomchosha mtu njiani ni mkao, upepo na mtetemo, na vyote vitatu unaweza kuvipima kabla hujatoa pesa.

Mkao: mtu aishike pikipiki wima, wewe ukae juu yake dakika 15, miguu kwenye vikanyagio. Shika usukani kama unavyoendesha, halafu achia mikono bila kubadili mgongo. Ukidondokea mbele, ujue uzito wako unabebwa na viganja, na ganzi inaanzia hapo. Usukani unaweza kuinuliwa mm 20 hadi 30 kwa vipande vya kuwekea chini yake, ila ukishainua ukate kona yote kushoto na kulia uone kama waya wa klachi na mpira wa breki havivutiki.

Siti ibonyeze kwa ngumi. Ukigusa ugumu chini, sponji imekwisha. Hilo lisikukatishe tamaa, sponji hubadilishwa. Kuwa makini zaidi na siti laini mno: inakupokea vizuri, baada ya saa moja umekalia plastiki. Na siti inayoteremkia kwenye tangi itakusukuma mbele kila ukifunga breki, utashinda siku nzima ukijirudisha nyuma.

Upepo: watu hukimbilia kioo kirefu, lakini kirefu si lazima kiwe kizuri. Ukiwa kwenye mwendo wa safari, inuka kidogo kwenye siti. Kofia ikiacha kutikisika na kelele ikapungua, basi ukingo wa kioo unakumwagia kichwani upepo uliovurugika. V-Strom 650 za mwanzo zinalalamikiwa sana kwa hili. Dawa yake ni breketi za kubadilisha mwinamo wa kioo, zinazoacha nafasi ya sm 2 au 3 chini ili hewa ipite. FJR nyingi zina kioo cha kupanda na kushuka kwa umeme, kwa hiyo jaribu swichi yake mwanzo hadi mwisho.

Mtetemo haujulikani kwa mzunguko mfupi. Omba uendeshe dakika 15 kwa km 100 kwa saa bila kupunguza. Vidole vikianza kuwasha muda huo, hali itakuwa mbaya zaidi kilomita ya 300.

Lami_Ndefu
Naongezea kuhusu hizo tatu.

FJR1300 ndiyo iliyozaliwa kwa kazi unayoitaja. Ina shafti (mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma) badala ya cheni, tangi la lita 25, na abiria wa nyuma anakaa kama mtu. Shida ni uzito: ikijazwa mafuta inakaribia kilo 300. Barabarani huusikii, ila isukume kwa mkono kurudi nyuma kwenye mteremko kabla hujaipenda.

V-Strom ina silinda mbili zilizokaa V ya nyuzi 90, zinazosawazishana zenyewe, ndiyo maana mtetemo wake ni mdogo. Tangi ni lita 22 kwa zile za kabla ya 2012.

NC700X inazunguka polepole na inakula petroli kidogo sana, na pale lilipozoeleka tangi kuna sanduku linalomeza kofia nzima. Tangi lenyewe liko chini ya siti, lita 14 tu, kwa hiyo kujaza mafuta ni kushusha abiria na chochote ulichofunga juu ya siti yake.

Kwa abiria na mizigo ya kila mara, mimi ningechukua FJR. Ila usisahau hesabu hii: chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa pikipiki yenye mafuta. Kinachobaki ndicho chenu wawili, masanduku na vilivyomo.

Multimita
Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu kwisha gusa injini. Ikiwa ya moto, sema utarudi ikipoa. Injini inayowaka kwa shida ikiwa baridi huficha hilo ikishapashwa.

Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto ni maji ya kupozea yanaingia ndani. Kisha multimita (kipima umeme) kwenye betri: injini imezimwa, karibu volti 12.6, ukiiwasha na kuvuta mafuta hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.5 shuku stata (koili za kuzalisha umeme, si stata ya kuwashia), regyuleta (kidhibiti cha volti ya kuchaji) au soketi ya waya iliyoungua. Juu ya 15 regyuleta imekufa na betri itaifuata.

Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukisikia kama unanasa katikati, beringi za usukani zimechimbika. Pitisha kucha kwenye bomba za shokapu za mbele. Kidoa cha kutu kinachokwaruza kucha kitachana hata sili mpya (mpira unaozuia oili ya shokapu isivuje). Cheni ivute nyuma kutoka kwenye sproketi (gurudumu la meno) kubwa: ukiona nusu ya jino, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwake. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwendambali
Asanteni sana. Kuna V-Strom ya kilomita 78,000 yenye kitabu cha sevisi, na NC700X ya 14,000 iliyosimama miaka minne. Moyo unavutwa na hiyo ya 14,000.

Multimita
Iliyosimama ihesabie tairi zote mbili, betri, maji ya breki, kusafisha tangi na pampu ya petroli, pengine na sili za shokapu. Jumlisha hizo kwenye bei ndipo ulinganishe.

Hiyo V-Strom, valvu zake hukaguliwa kila kilomita 24,000, kwa hiyo kitabu kionyeshe mara tatu. Usiridhike na mhuri, omba vipimo vya nafasi ya valvu vilivyoandikwa: mm 0.10 hadi 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.20 hadi 0.30 kwa za kutoa moshi. Kama hakuna namba, weka gharama ya ukaguzi huo kwenye mazungumzo ya bei.