Mrejesho: Bunduki ya kuwindia, nimeamua

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: nichukue bunduki ya risasi za saizi ya .300 Weatherby au ya .30-06, maana risasi zinaadimika hapa Arusha? Asanteni, hata mlionicheka. Nimechukua .30-06. Saizi hiyo ni kongwe, ilianza mwaka 1906, ila viwanda vingi vinaitengenezea risasi. Za kiwanda kimoja zikikauka unaokota za kingine. Kabla ya kulipia nilizunguka madukani nikiulizia risasi tu, bunduki sikuitaja. Za Weatherby kila mahali jibu moja: "Agiza, usubiri." Kwa swala na ngiri hii inatosha kabisa. Nyati hapana, huyo anataka bunduki ya risasi nzito zaidi, .375, na mfuko wangu bado. Nimepata boksi mbili. Kurekebisha shabaha nimetumia risasi tano, roho ikiniuma kila ganda lilipodondoka.