Mrejesho: ile dinari ya Kirumi yenye jua na mwezi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama dinari (sarafu ya fedha) ya Publius Clodius, ofisa wa kupiga chapa sarafu, iliyopigwa chapa Roma mwaka 42 KK, inaonyesha kupatwa kwa jua. Upande mmoja kuna kichwa cha Sol, mungu jua, chenye miale, na podo nyuma ya bega. Upande wa pili kuna hilali na nyota tano.

Aliyeniambia nianze na anga lenyewe, ahsante sana. Jua hupatwa mwezi ukiwa gizani, hilali haijaandama bado. Kwa hiyo sioni kupatwa hapo. Nyota tano nazisoma kama sayari: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ukiongeza jua na mwezi, zile sayari saba za hesabu ya watu wa kale zimetimia. Sasa nafuatilia dinari ya Hadrian, kaisari wa Roma: hilali, nyota saba.