Kilwa Kisiwani ilitajirikaje?

mgeni_masoko: Wadau, kesho navuka na mashua. Kisiwa kidogo vile kilipataje dhahabu?

babu_wa_kusini: Dhahabu haikuwa ya pale, mjukuu wangu. Ilichimbwa bara, ikapitia Sofala, bandari ya Msumbiji. Kilwa ikatoza ushuru. Majahazi ya Uarabuni yalisukumwa na upepo wa kaskazi hadi hapo, yakarudi na upepo wa kusi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliufikia mji huo 1331 akausifu. Wareno wakauvamia 1505, basi.

Ukifika, usiishie kupiga picha kwenye Gereza, ile ngome ya kale, kama wenzako. Nenda Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani juu ya genge la bahari: birika la pembe nane, kuta za matumbawe na chokaa.

mgeni_masoko: Shikamoo babu. Kwa miguu ni mbali?

babu_wa_kusini: Marahaba. Unatembea vizuri tu, ila beba maji.