Mjadala: Meli za dhulumati (mishipi mirefu ya ndoano nyingi) zinyimwe leseni kwa ajili ya ndege wa baharini?

Kidau: Wakuu, salaam. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ile ya Ushelisheli ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama, ina kanuni kwamba meli ya dhulumati ikivua kusini ya mstari wa nyuzi 25 kusini ya ikweta itumie njia mbili kati ya tatu: kutega usiku, kuburura kamba ya kutishia ndege, au kufunga uzito ndoano zizame upesi. Chambo kikirushwa huelea kidogo, albatrosi, yule ndege mkubwa wa baharini, anakidaka, ndoano inamnasa, mshipi unamzamisha. Wanakadiriwa kufa laki moja kwa mwaka duniani, na huyu hutaga yai moja tu, wengine kila baada ya miaka miwili. Maji yetu yako kaskazini ya mstari huo, sawa, lakini meli hazikai mahali pamoja na leseni tunatoa sisi. Asiye na kamba asipewe. (Wanaomjua samaki kwenye sahani tu wasome kwanza kabla ya kuchangia.)

mla_changu: Hiyo ya sahani umemlenga nani? Mimi wa Singida, bahari nimeiona nina miaka 22, pale Feri, soko la samaki la Dar, na nilishangaa kama mtoto. Lakini boti ya doria inatiwa mafuta kwa kodi yangu pia. Watu wa pwani mnadhani chumvi ni elimu.

BintiMsasani: "Chumvi ni elimu" 😂😂 naiiba hiyo.

Shombo: Kidau, mimi nimetega dhulumati Kilwa miaka kumi na moja, ndoano mia mbili. Kasa nimeopoa mara mbili, nikamwachia. Ndege sijaopoa hata mmoja. Buabua wakikusanyika mahali ndipo tunajua samaki wamo, wale ni macho yetu. Leo mnataka nifunge matambara kwenye mashua niwafukuze?

Kidau: Mzee wangu, sijataja mashua popote. Nimesema meli. Zile zinamwaga mshipi wa kilomita mia, ndoano elfu tatu.

Shombo: Kila sheria ya meli huishia kwenye mashua. Kuishika mashua ni rahisi.

mla_changu: Halafu chombo chenyewe kinaitwa dhulumati. Ukiona jina lina dhuluma ndani yake unategemea haki kweli?

UstadhLugha: Hapana, ndugu. Dhulumati kwa Kiarabu ni magiza. Dhuluma ni jamaa yake wa mzizi mmoja, ila maana ni mbali.

BintiMsasani: Basi jina limeshaleta sheria! Tega gizani, ndege hakioni chambo. Tume imekaa mikutano miaka yote hiyo, jibu liko kinywani mwa wavuvi.

UstadhLugha: Sikusema hivyo. Na aliyeandika "dhulmati" huko Facebook ajirekebishe.

msafiri_wvb: Turudi kwenye mada kidogo. Nimefanya kazi Walvis Bay, Namibia. Pale ndege zaidi ya 20,000 walikuwa wanakufa kwa mwaka kwenye meli za mishipi mirefu peke yake. Kanuni ya kamba ikaja 2015, vifo vikashuka kwa asilimia 98. Kamba yenyewe si mtambo: inafungwa juu ya mlingoti kwenye tezi (nyuma ya meli), nyuma yake kuna kizito kinachoburuzwa, katikati inaning'inia mikanda ya rangi kali inayopepea juu ya pale chambo kinapoanguka. Wajapani waliianza, wanaiita tori, yaani ndege. Pale Walvis Bay zinasukwa na kikundi cha kina mama, Meme Itumbapo.

BintiMsasani: Wanalipwa ngapi hao kina mama?

mla_changu: Swali zuri. Huku kwetu tenda hiyo angepewa shemeji wa mtu, kamba zije kutoka ng'ambo na zioze bohari.

Kidau: Mmeona asilimia 98 lakini? Au mmeona shemeji tu?

Shombo: Mimi nina swali kwa msafiri. Kutega usiku, haya. Mbalamwezi je? Usiku wa mwezi mpevu mimi naona hadi kivuli cha kasia. Ndege hatakiona chambo?

msafiri_wvb: Anakiona, mzee. Mwezi ukiwa mpevu ndege hunasa zaidi. Ndiyo maana wanataka njia mbili. Siku hizi kuna na kifuniko cha kuficha ncha ya ndoano mpaka ishuke chini, na hicho tume inakikubali peke yake badala ya zile mbili.

mla_changu: Na nani atakagua? Tume inataka waangalizi melini kwa angalau asilimia 5 ya mitego. Iliyobaki yote nahodha anajikagua mwenyewe. Hata mimi nikijisahihishia mtihani nafaulu.

Kidau: Ndiyo maana nikasema leseni.

Shombo: Leseni, leseni. Hela ya leseni inafika kijiji gani? Hizo meli zinatumalizia jodari, nyie mnahesabu ndege.

BintiMsasani: Hapo mzee kaongea. Tufungue uzi wa hela za leseni.

Kidau: Uzi ni wa ndege jamani.

Shombo: Msafiri, hiyo mikanda inafungwa kila baada ya pima ngapi? Nauliza tu.

msafiri_wvb: Isizidi mita 5, mzee. Karibu pima tatu.

mla_changu: Jodari Feri leo kilo bei gani? Sahani yangu inauliza.