Naombeni ushauri: mzee wangu na ABBA, tumchukulie albamu zenyewe au boksi lenye nyimbo zilizobaki studio?

Mtoto_wa_Raskazone:
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Mzee wangu kastaafu mwaka huu na sisi watoto tumechanga tumpe zawadi. Ni mtu wa ABBA kupindukia, ila ABBA yake ni ile ABBA Gold ya 1992 tu, mkusanyiko wa nyimbo zao maarufu. Aliisikiliza kwenye kaseti, akaja kwenye CD, sasa iko kwenye simu. Mpangilio wa nyimbo kaukariri. Take a Chance on Me ikiisha isifuatiwe na Mamma Mia, anauliza nani kachezea simu yake.

Mjomba kamwachia gramafoni, nzima kabisa. Dada yangu yuko Uholanzi, anakuja Desemba, kwa hiyo mzigo ataubeba yeye. Bajeti inatosha santuri tatu au boksi moja la maana. Dada anang'ang'ania lile boksi la CD nne la 1994, Thank You for the Music, eti mzee nyimbo maarufu zote anazo, anachokosa ni zile ambazo hazikutoka. Mdogo wetu anasema boksi ni la wehu wa ABBA, mzee apewe albamu kama zilivyotoka. Mama anasema mnunulieni viatu.

Mnaoijua hii bendi, nifuate upande gani? Na kama ni santuri tatu, zipi?

FundiSpika:
Kabla hujafika kwenye albamu, sindano ya hiyo gramafoni ina umri gani? Kama ilikaa kabatini miaka yote na hakuna anayejua ilitumika kiasi gani, badilisha. Sindano iliyokwisha inachimba mifereji ya santuri mpya, na ikishachimba haitengenezeki. Toa santuri moja kwenye hesabu yako, weka sindano.

Mama_Kanda:
Mwanangu, mdogo wenu yuko sahihi. Gold ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo, Uingereza ilikuwa albamu ya kwanza kutimiza wiki 1,000 kwenye chati yao. Lakini Gold ni sinia la pilau lililochambuliwa nyama tupu. Mzee wako hajawahi kukutana na wali wake.

Cha kufanya, angalia Gold imechukua nini na imeacha nini. Voulez-Vous ya 1979 imetoa nyimbo nne humo: Chiquitita, I Have a Dream, Does Your Mother Know na wimbo wenyewe wa jina la albamu. Kwa hiyo hiyo kwa mzee haina mapya mengi. The Visitors ya 1981 imetoa mmoja tu, One of Us. Nyimbo nane zilizobaki kwake ni ngeni kabisa, na ni kazi yao ya kikubwa kuliko zote.

Kwangu ni Arrival (1976), Super Trouper (1980) na The Visitors. Super Trouper usiikose kwa sababu moja ndogo: Happy New Year haimo kwenye Gold. Kila mwisho wa mwaka huo wimbo unasikika redioni, nina hakika mzee ameshauulizia.

Mtoto_wa_Raskazone:
Mama umejuaje! Kila tarehe 31 anasema "hawa jamaa wa Gold waliusahau wimbo wangu". FundiSpika, umri wa sindano hakuna anayeujua. Nimekuelewa.

Kilele_Cha_Tisa:
Natofautiana na Mama_Kanda kwa heshima zote. Dada mtu ana hoja. Mtu aliyesikiliza nyimbo 19 zilezile miaka thelathini hahitaji kuelimishwa kuhusu albamu, anahitaji kushtuliwa. Boksi la 1994 lina Put On Your White Sombrero, ambayo ilirekodiwa ikaachwa, na ukiisikia utajiuliza waliiacha kwa lipi. Lina Summer Night City yenye utangulizi mrefu uliokatwa ilipotoka mwaka 1978. Lina Thank You for the Music ya mwanzo mwanzo, imepigwa kizamani kama ya kwenye filamu za miaka ya hamsini. Halafu Dream World! Weka Dream World, ngoja katikati, uone sura ya mzee akisikia kipande cha Does Your Mother Know kinapita humo. Wimbo uliwekwa kando, wakang'oa kipande kizuri, wakakipandikiza kwenye mwingine. Ndivyo watunzi wao Benny na Björn walivyokuwa wanafanya kazi, hawatupi kitu.

Na mwishoni kuna Undeleted, kama dakika 23 za vipande vya studio.

NakuruVinyl:
Umetaja Undeleted kama ni sifa, wakati hiyo ndiyo kesi yenyewe. Dakika 23 za kuonjeshwa! Wimbo unaanza, unanoga, unakatwa, unaingia mwingine. Mzee wa watu kastaafu, anataka kukaa kwenye kiti asikilize, nyinyi mnamletea trela za filamu. Mimi nilivumilia mara mbili, ya tatu nikaizima.

Na gramafoni haichezi CD, hilo mmelifikiria?

Mtoto_wa_Raskazone:
Deki ya CD ipo, inafanya kazi ikiamka vizuri.

Kilele_Cha_Tisa:
NakuruVinyl, kosa la kukata si la vipande, ni la wenye nyimbo. Just Like That ya 1982 mashabiki wameilia mpaka leo. Kuna kipande chake ndani ya Undeleted, na ukikisikia unajua hii ingekuwa hiti. Benny na Björn wamekataa kuitoa kama ilivyo. Hilo siwasamehe.

NakuruVinyl:
Kwani wana deni kwako? Mtunzi akisema wimbo haujakamilika, haujakamilika. Just Like That walihangaika nayo, beti haziendani na kiitikio, wenyewe waliona. Wewe unapenda kile kipande kwa sababu umepewa kipande. Ungepewa wote ungesema mbona wa kawaida.

Ushahidi ni Just a Notion. Sauti za waimbaji wao Agnetha na Frida zilirekodiwa 1978, wimbo ukawekwa pembeni, kwenye Undeleted tukaonjeshwa. Wangeutoa vilevile 1994, tungepata demo, rekodi ya majaribio, ya kusikilizwa mara moja. Wakasubiri, Benny akapiga ala upya, ukatoka kamili kwenye Voyage ya 2021 ukiwa na sauti zilezile za ujana. Miaka 43 na haukuoza.

Kilele_Cha_Tisa:
Huo ni ushahidi wangu! Wimbo mzuri ulifichwa miaka 43. Wangapi waliokuwa wanaipenda ABBA mwaka 1978 walikuwepo 2021 kuusikia?

Pwani_Muscat:
Nyie wawili mnapigana, kijana anataka kununua zawadi.

Mimi nasema kitu kingine. Mabaki mazuri ya ABBA mengi hayakuwa mabaki hasa, yalikuwa upande wa pili wa santuri ndogo. Elaine ilikuwa nyuma ya The Winner Takes It All. Lovelight nyuma ya Chiquitita. Should I Laugh or Cry nyuma ya One of Us, na ule wimbo hasira yake unaisikia tangu mstari wa kwanza. Cassandra nyuma ya The Day Before You Came. Hizi zilikamilishwa, zikatoka, watu hawakugeuza santuri. Mkitaka kumshtua mzee bila kumkatia nyimbo, nendeni huko. Nyingi zimo kwenye boksi, ila toleo za CD za albamu zilizorudiwa nazo zimeziongeza mwishoni. Santuri haziongezi. Santuri ya The Visitors ni nyimbo tisa basi.

Mama_Kanda:
Pwani umenikumbusha Happy Hawaii. Nyuma ya Knowing Me, Knowing You. Ni Why Did It Have to Be Me ya kwenye Arrival, muziki uleule, maneno mengine kabisa, mtu anakwenda zake Hawaii. Kumbe waliandika wimbo mara mbili na zote mbili wakazitoa.

Fundi_wa_Maneno:
Mada nzuri. Nina wasiwasi na The Visitors kwa mtu aliyestaafu jana. Mmeisikiliza vizuri? Wimbo wa kwanza ni mtu kajifungia ndani anaogopa wanaogonga mlango, habari za wapinzani wa serikali za Ulaya Mashariki enzi hizo. Soldiers ni vita. When All Is Said and Done ni ndoa ya Benny na Frida iliyovunjika mwaka huohuo, na anayeuimba ni Frida mwenyewe. Wimbo wa mwisho Frida yuko peke yake na mlio wa saa, tik tik mpaka unaisha. Mzee amezoea Waterloo ndiyo ya kufungia! Mpeni Arrival na The Album ya 1977, mle kuna Eagle, dakika karibu sita, na mchezo mdogo wa jukwaani wa nyimbo tatu. Ulikuwa na wimbo wa nne, Get on the Carousel, waliupiga kwenye ziara ya 1977 wakauacha nje ya albamu, sehemu yake ikaingia Hole in Your Soul. Haya, na mimi nimeingia kwenye mabaki.

Mtoto_wa_Raskazone:
Hapo sasa mmenichanganya. Mzee si mtu wa huzuni, lakini The Winner Takes It All ikifika huwa haongei na mtu.

Mama_Kanda:
Basi huyo ni mtu wa The Visitors. Usimfanye mtoto.

Sikiliza, upande wa pili wa hiyo albamu upo wimbo unaitwa Slipping Through My Fingers. Björn aliuandika akimwangalia binti yao Linda anavyoondoka kwenda shule. Baba ndiye kaandika, lakini aliyeuimba ni Agnetha, mama wa mtoto, na wakati huo walikuwa wameshaachana. Hamna makelele humo. Ni asubuhi, mezani, mtoto na begi, mzazi nusu usingizi anaona muda umempita. Mzee wako ana binti Uholanzi anayerudi Desemba na hiyo santuri mkononi. Mnanielewa au niendelee?

FundiSpika:
Umemaliza, mama.

NakuruVinyl:
Na kiufundi The Visitors ni raha. Walianza kurekodi kwa kanda za kawaida, katikati wakahamia mashine ya dijitali, pale studio ya Polar, Stockholm. Ilikuwa pia miongoni mwa CD za kwanza kabisa kutengenezwa, kiwanda cha Ujerumani, 1982. Watu wa sauti tunabishana kama ilipoteza joto. Ukitaka lile joto, sikiliza Arrival, fundi wao Michael Tretow alirekodi tabaka juu ya tabaka, tena anabadilisha kidogo mwendo wa kanda ili tabaka zisilingane sawasawa. Ndiyo maana sauti za wale akina dada wawili zinasikika kama kwaya.

Kilele_Cha_Tisa:
Sawa, The Visitors nakubali. Ila toleo la CD la 2012 lina From a Twinkling Star to a Passing Angel, mlolongo wa demo za ule wimbo wa saa, na unasikia wakiujaribu kwa midundo mbalimbali hadi disko, mwishoni wakaona unahitaji sauti moja na kinanda. Hicho si kionjo bwana NakuruVinyl, hicho ni kumwona seremala na randa mkononi. Nimemaliza na mimi.

NakuruVinyl:
Hapo nakupa. Hiyo ndiyo namna ya kutoa mabaki: wimbo mmoja, safari yake yote. Just Like That wakiitoa hivyo nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, usimwambie mtu.

Dada_Kilo23:
Habari zenu. Mimi ndiye dada mwenye boksi. Mdogo wangu kanitumia hii mada baada ya mimi kushindwa, si kabla.

Mama_Kanda, nimesoma ule ujumbe wako kwenye treni, sitaki kuongelea. Nachukua Super Trouper na The Visitors kwa santuri, fedha ya tatu inakwenda kwenye sindano. CD ya 2012 nainunua kwa hela yangu, kwa hiyo Kilele usinune. Boksi nalitafuta mtumba, likipatikana linabaki kwangu. Viatu mama atanunua mwenyewe.

Swali langu kwa mafundi: santuri nazibebaje? Begi kubwa au la mkononi?

FundiSpika:
Mkononi, usijaribu kuziweka chini. Ziwe zimesimama, zisilale chini ya kitu kizito, na ubane katoni pande zote mbili. Ukishuka Dar usiziache kwenye gari juani hata dakika kumi, joto linazipinda. Kuhusu sindano, mwambie mdogo wako afungue kichwa cha gramafoni apige picha namba iliyoandikwa ubavuni, aiweke hapa leo. Sindano haziingiliani, usije ukanunua ya gramafoni nyingine.

Mtoto_wa_Raskazone:
Naipiga jioni mzee akienda msikitini.