Naomba ushauri: mfumo wetu wa CORBA na Java mpya

Wadau, hamjambo. Niko Nakuru, natunza mfumo wa chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Programu ya mizani iliandikwa kwa C++, ya malipo kwa Java, na zinaongea kupitia CORBA, kiwango cha kuwezesha programu za lugha na mashine tofauti kuitana kwenye mtandao. Kusema kweli ni kazi safi: mizani inaita objekti iliyoko kwenye seva nyingine bila kujali imeandikwa kwa lugha gani, maana makubaliano yote yako kwenye faili ya IDL, inayoeleza nini kinaweza kuitwa na kwa data ya aina gani.

Shida ni kwamba Java 11, ya mwaka 2018, iliondoa CORBA. Sisi bado tuko Java 8, na mkaguzi anataka tuhame.

Kuna jingine linanikera. IDL inataja jina la mkulima kama string (maandishi ya herufi za biti 8), si wstring (ya herufi pana zaidi). Karani akinakili "Ng’eno" kutoka WhatsApp, ile alama iliyopinda haimo kwenye Latin-1, seti ya herufi inayotumika hapo. Rekodi inakataliwa na kosa la DATA_CONVERSION, na mzee wa watu anakosa kilo zake za asubuhi. Akiichapa alama iliyonyooka, inapita.

Naona njia mbili: niweke JacORB, maktaba huria ya CORBA kwa Java, nisiguse mizani, ama nijenge daraja dogo la HTTP na JSON nihame polepole. Ya pili naipenda zaidi, ila aliyeandika ile C++ hayupo tena. Kuna aliyewahi kuunganisha JacORB na ORB (sehemu inayopitisha miito ya CORBA) ya C++ kwa IIOP, itifaki yake ya mtandao, kazini? Na nikibadilisha string iwe wstring, lazima nikompaili upya pande zote mbili kwa mpigo?