Mrejesho: Kupanga upya strakti (kundi la data lenye sehemu kadhaa) ya maktaba yetu ya lugha ya programu ya C

Ndugu zangu, niliuliza iwapo niidhinishe mabadiliko yanayopanga upya sehemu za strakti moja ili ipungue kutoka baiti 24 hadi 16. Nawashukuru sana kwa majibu. Hesabu ni sahihi: sehemu ya baiti 1 iliyotangulia namba ya baiti 8 ilikuwa ikiacha baiti 7 tupu, nyingine 3 zikipotea baada ya namba hiyo, na pahole, zana ya kuonyesha mpangilio wa strakti, ilizionyesha zote waziwazi. Sasa strakti 4 zinaenea kwenye mstari mmoja wa kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa) wa baiti 64, ambapo awali zilienea 2 tu kwa ukamilifu.

Hata hivyo, nimeyarudisha mabadiliko hayo kwa mwandishi wake, kwa sababu strakti hiyo imetangazwa katika faili la heda (faili la matangazo ya maktaba) linalotumiwa na watu wa nje, na programu iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, ingeendelea kuisoma namba ile ya baiti 8 kuanzia baiti ya 8 (tukihesabu kuanzia 0) ilhali imehamia mwanzo kabisa, bila onyo lolote. Hilo lilinisumbua kuliko suala la kasi. Tumekubaliana strakti ifichwe ndani ya maktaba, watumiaji wapewe pointa (anwani yake kwenye kumbukumbu) na funksheni za kuisoma, toleo kuu lipandishwe namba, na ukubwa wa strakti ukaguliwe kwa static_assert, ukaguzi wa C unaofanyika wakati wa kukompaili.